Toharani sio jehanamu ndogo

SWALI: Mama yetu kafariki na huwa tunamuombea misa, sasa rafiki yangu mlokole ananiambia toharani, kule wafu wanakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, haipo kwenye Biblia. Ni kweli?

JIBU: Neno lenyewe halimo, hapo kakupata. Ila soma 2 Wamakabayo 12 (Biblia yake haina hicho kitabu, ndo maana mnabishana hamfiki), Yuda Makabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, anakuta askari wake waliouawa wamevaa hirizi za miungu ndani ya nguo, basi anachangisha kama drakma 2,000 za fedha anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi zao, sasa kama wafu hawasaidiki ile hela ilikuwa ya nini? Na aliyeko toharani keshaokoka jamani, mbinguni anaingia, anatakaswa tu kwanza. Misa endeleeni nazo.