Re: Chumba cha riad Marrakech hakina dirisha la nje, nighairi?

Habari mkuu. Umeuliza ughairi chumba kwa vile picha hazionyeshi dirisha la nje. Usighairi. Riad (nyumba za jadi za Morocco zenye ua katikati) ndivyo zilivyo: ukuta wa kichochoroni mtupu, milango na madirisha yanatazama uani, penye chemchemi na michungwa.

Kwanza uliza kiko ghorofa gani. Mimi nilipewa cha chini. Mchana kilikuwa na ubaridi mtamu, ila asubuhi vijiko vya chai vililia uani kana kwamba vinagongwa kwenye mto wangu. Omba cha juu (ngazi nyembamba, sanduku kubwa utalijutia).

Halafu teksi haiingii vichochoro vya medina (mji mkongwe). Mwambie mwenyeji atume mtu wa mkokoteni, na mpatane bei kabla hajagusa begi.