Kiwanja cha Igombe, hati ya marehemu: nipekue wapi kabla ya kulipa?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu, nafundisha Sengerema. Nimepata kiwanja Igombe, Manispaa ya Ilemela, karibu na ziwa. Hati ina jina la baba wa muuzaji, ambaye ni marehemu. Muuzaji ana karatasi ya Mahakama ya Mwanzo inayoonyesha kuwa ndiye msimamizi wa mirathi. Nimesikia mdogo wake ana malalamiko. Nimetafuta jina la muuzaji mtandaoni kwenye hukumu za mahakama, sikuona kesi yoyote. Je, hiyo inatosha? Kama haitoshi, niende ofisi zipi, na watanipa taarifa ilhali mimi si mwenye hati?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Haitoshi, na nashukuru umeuliza kabla hujatoa hata shilingi. Ulichopekua ni hukumu zilizokwisha kutolewa. Ugomvi uliofunguliwa mwezi uliopita, au ulioko bado mezani kwa baraza la kata, hauwezi kuonekana huko.

Kabla ya kutaja ofisi, shika jambo hili kwa sababu ndilo linalowapoteza wanunuzi wengi. Kumbukumbu za ardhi hupangwa kwa kiwanja: namba ya hati, namba ya kiwanja, kitalu, eneo. Kumbukumbu za mahakama hupangwa kwa majina ya watu: mdai na mdaiwa. Ukienda kwa karani wa masjala ya mahakama ukamwuliza kama kiwanja fulani Igombe kina kesi, hana pa kuanzia. Na ukienda na jina la muuzaji peke yake, utapata kesi za muuzaji tu, wakati ugomvi wa kiwanja hicho unaweza kuwa ulifunguliwa kwa jina la baba yake, la mama yake, la jirani, au la mtu aliyemuuzia baba miaka ya nyuma. Kwa hiyo anza ardhi, toka huko na orodha ya majina, ndipo uende mahakamani na orodha hiyo.

Ardhi utapekua mahali pawili. Pa kwanza ni kwa Msajili wa Hati, katika Ofisi ya Ardhi ya Mkoa hapa Mwanza. Omba upekuzi rasmi. Na hapa nijibu swali lako la mwisho: ndiyo, watakupa. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, rejista imewekwa ili watu waipekue. Huhitaji kuwa mwenye hati wala kubeba ruhusa ya muuzaji. Unahitaji namba ya hati au maelezo kamili ya kiwanja, na kulipa ada kwa namba ya malipo ya serikali utakayopewa. Usimpe mtu fedha mkononi akupekulie "kwa haraka". Siku hizi huduma nyingi za ardhi zinapitia mfumo wa mtandaoni wa e-Ardhi, lakini hata ukianzia huko, hakikisha mwisho wa yote una majibu ya maandishi kutoka kwa Msajili.

Majibu hayo yasome taratibu. Yataonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki (kwa kawaida miaka 33, 66 au 99) na ulianza lini, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna tahadhari au zuio lililosajiliwa. Mtu anayedai haki kwenye ardhi ya mwenzake anaruhusiwa kuweka tahadhari kwa Msajili. Mke au mume wa mmiliki huitumia mara nyingi. Ukikuta tahadhari, usikubali maneno ya "hiyo ya zamani, haina nguvu". Andika jina la aliyeiweka na tarehe yake. Hilo tayari ni jina la kwanza la kwenda nalo mahakamani.

Katika habari yako kuna jambo jingine. Kama rejista bado ina jina la marehemu, basi muuzaji hajasajiliwa kama msimamizi. Karatasi ya mahakama inampa mamlaka ya kusimamia mali za marehemu, lakini ili akuhamishie hati, kwanza inabidi aombe kwa Msajili aingizwe kwenye rejista kama msimamizi wa mirathi, kisha kutoka kwake ndipo kiwanja kije kwako. Msimamizi anayekataa hatua hiyo huku anahimiza malipo, mimi ningesimama hapo hapo hadi aikamilishe.

Pa pili ni idara ya ardhi ya Manispaa ya Ilemela, Buswelu. Huko kuna jalada la kiwanja: barua ya toleo (ya kugawiwa kiwanja), maombi, risiti za kodi ya pango la ardhi, barua za malalamiko kama zipo. Malalamiko ambayo hayajafika mahakamani huanzia kwenye majalada haya, kwa hiyo muulize afisa ardhi waziwazi kama kuna mtu amewahi kuandika kupinga umiliki huu. Angalia pia tarehe na vichwa vya barua. Ilemela ilianza kuwa manispaa inayojitegemea mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo hilo lilikuwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Barua ya toleo ya mwaka 2005 yenye kichwa cha Jiji la Mwanza ni ya kawaida kabisa. Yenye kichwa cha Manispaa ya Ilemela na tarehe ya 2005 ingenishtua, na ningetaka maelezo kabla ya hatua nyingine yoyote.

Risiti za LUKU zenye makato ya kodi ya majengo, ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha, hazithibitishi umiliki. Zinathibitisha kwamba mita ina umeme. Wala mhuri wa mwenyekiti wa mtaa kwenye mkataba wa mauzo hauwezi kuchukua nafasi ya rejista kwa kiwanja chenye hati.

Sasa twende mahakamani. Anza na ile Mahakama ya Mwanzo iliyomteua muuzaji, kwa sababu ununuzi wako wote umesimama juu ya karatasi hiyo moja. Chukua namba ya shauri la mirathi iliyoandikwa juu yake, andika barua fupi kwa hakimu mfawidhi, jieleze kuwa unakusudia kununua mali iliyotajwa katika mirathi hiyo na unaomba kupitia jalada. Ukilipata, usiishie kwenye fomu ya uteuzi. Tafuta mambo manne. Je, uteuzi bado upo, au ulibatilishwa baadaye? Warithi waliotajwa ni akina nani? Je, kiwanja cha Igombe kimo kwenye orodha ya mali za marehemu? Na je, kuna pingamizi, hasa la huyo mdogo wake? Msimamizi hauzi mali yake. Anauza mali ya warithi wote. Ingawa sheria inampa mamlaka ya kuuza, mimi humshauri mnunuzi adai muhtasari wa kikao cha familia uliosainiwa na warithi wote walio watu wazima. Tena mjane akiwepo, sahihi yake isikosekane. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inalinda nyumba ya familia dhidi ya kuuzwa na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine, na madai ya mjane juu ya sehemu aliyochuma pamoja na marehemu hayafi kwa sababu karatasi ina jina la mume.

Kutoka kwenye jalada hilo orodha yako itakuwa imekua: marehemu, mjane, warithi, muuzaji, aliyeweka tahadhari kama yupo. Ipeleke Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mwanza. Migogoro mingi ya viwanja kama chako huishia huko, maana baraza lina mamlaka ya mali isiyohamishika yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Kesi za thamani kubwa zaidi, na rufaa kutoka barazani, utaziulizia Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Mwanza. Kote omba karani atafute kila jina upande wa mdai na upande wa mdaiwa.

Tahajia ni shida ya kweli Usukumani. Jina lilelile litaandikwa Ng'wana, Ngwana au Mwana kulingana na karani aliyelisikia. Andika namna zote pembeni mwa orodha yako. Unaporudi mtandaoni, kwenye tovuti ya TanzLII ambako hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani hutolewa bure, fanya hivyohivyo, kisha tafuta pia kwa jina la eneo: Igombe, halafu kata yake, Bugogwa. Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini majina ya mahali hayabadiliki. Ukiwa humo, soma Rufaa ya Madai Na. 57 ya 2017, ambayo Mahakama ya Rufani iliiamua ikiwa Mwanza. Inaeleza uzito wa usajili wa ardhi vizuri kuliko nitakavyoweza kukueleza hapa.

Baraza la kata usiliruke. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi. Yanasuluhisha tu, na yana siku 30 za kufanya hivyo kabla mgogoro haujaweza kwenda baraza la wilaya. Kama mdogo wa muuzaji ameanza kulalamika karibuni, huenda malalamiko yake yapo hapo tu, kwenye daftari, na hakuna mfumo wa mtandaoni utakaokuonyesha.

Nenda kiwanjani pia. Rejista haitakuambia kuwa kuna mtu analima mihogo pale tangu zamani, na katika sheria zetu madai ya kurudisha ardhi hufa baada ya miaka 12. Ongea na majirani mnaopakana nao, na mlipe mpimaji ardhi ahakiki bikoni (alama za mipaka) dhidi ya ramani ya upimaji. Kwa kuwa uko karibu na ziwa, mwambie apime umbali kutoka ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa ziwa, na hati haikuondolei katazo hilo. Kiwanja ambacho nusu yake imo ndani ya mita hizo ni nusu ya kiwanja, hata kama bei ni ya kizima.

Upekuzi wowote unaeleza hali ya siku ile uliyofanyika. Rudia upekuzi kwa Msajili siku unayosaini, au karibu nayo kadiri unavyoweza. Ukishasaini mkataba, nawe una haki ya kuombea tahadhari kwenye hati hiyo wakati uhamisho unashughulikiwa, ili asitokee wa pili akauziwa nyuma yako.

Na huyo mdogo mtu, mwalimu, mtafute mwenyewe kabla ya kulipa. Mwulize kwa heshima analalamikia nini na kama amefungua shauri. Akikupa namba ya shauri, ipeleke masjala husika, na fedha zako zikae benki hadi shauri hilo liishe. Kama hana shauri na manung'uniko yake ni juu ya mgawo wake, mwambie muuzaji wamalize nyumbani kwao kwanza, kisha mdogo huyo asaini muhtasari wa familia mbele ya wakili wako.