Barua kwa mwanangu: goti la utotoni na tezi ya leo

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kama mtoto sasa analala usiku kucha. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umeambiwa una ugonjwa wa Hashimoto, yaani tezi ya shingo inadhoofika kwa sababu kinga ya mwili wako inaishambulia, nawe unauliza mawili: je, ile baridi yabisi ya utotoni imehama gotini ikapanda shingoni? Na je, mtoto naye ataugua?

Haijahama. Haya ni magonjwa mawili, na tezi ingeweza kuugua hata kama goti lako lisingevimba maishani. Ila ni magonjwa ya ukoo mmoja, ule wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, na ukoo huo hupenda kurudi kwenye nyumba ileile.

Nianze na goti, maana ulikuwa mdogo mno kukumbuka. Hukuwa unalia. Ungeamka mguu wa kushoto umekaza, ukauburuta, ukakataa kuchuchumaa, na ikifika saa nne unakimbia na wenzako. Mama yako ndiye aliyeona kwamba vile vijishimo vya pembeni mwa pia ya goti vilikuwa vimejaa upande mmoja tu, na ngozi ya hapo ina ujotojoto. Eksrei haikuonyesha kitu. Daktari akatueleza kuwa hakuna kipimo kimoja cha damu kinachojibu ndiyo au hapana: kiungo kikivimba kabla ya mtoto kufikisha miaka 16, uvimbe ukadumu wiki 6 au zaidi, na sababu nyingine zikaondolewa moja baada ya nyingine, kuanzia usaha ndani ya kiungo hadi saratani ya damu, hapo ndipo ugonjwa hupewa jina. Takriban mtoto mmoja kati ya 1,000 huupata, kwa hiyo si kioja kama tulivyodhani.

Watu huusema kama kitu kimoja, lakini wataalamu wameugawa katika aina 7, na hapo ndipo swali lako linapopata jibu zuri, kwa sababu kila aina ina jamaa zake. Wako ulikuwa ule wa viungo vichache, visivyozidi vinne katika miezi 6 ya kwanza. Mtoto mwenye viungo vingi vilivyovimba, halafu damu yake ikaonyesha kingamwili iitwayo RF, huyo kwa kweli ana ugonjwa uleule wa baridi yabisi wa watu wazima, umemwahi tu. Aina nyingine huambatana na soriasisi, ule ugonjwa wa magamba ya ngozi, na wakati mwingine kidole huvimba kizima au kucha hupata vitobo vidogo kabla ngozi haijaonyesha lolote. Ipo inayokamata mahali kano zinapoungana na mfupa, kisigino hasa. Hupenda wavulana wakubwa kidogo, wengi wao wana jeni ya HLA-B27, na jamaa zake ni maradhi ya uti wa mgongo na uvimbe sugu wa utumbo.

Halafu kuna ile ya homa kali inayopanda kila siku na kushuka, pamoja na vipele vya waridi vinavyotokea na kupotea. George Frederic Still aliieleza mwaka 1897 huko London, na bado wengi huiita kwa jina lake. Hiyo, ukiniuliza mimi, haifai hata kukaa kwenye meza moja na yako. Inayopandwa na hasira pale ni sehemu ya kale ya kinga, ile tunayozaliwa nayo, isiyojifunza adui ni nani. Ndiyo maana madaktari huitibu kwa dawa zinazozuia kemikali za IL-1 na IL-6. Ukikutana mtandaoni na mzazi wa mtoto mwenye hiyo, mpe pole, lakini usichukue hadithi yake ukaifanya yako.

Sasa macho. Hapa naomba usome polepole, maana ndilo jambo ambalo ningetaka ulikumbuke hata ukisahau mengine yote. Kwa watoto wa aina yako, hasa wasichana walioanza kuugua wakiwa wadogo na wenye kipimo cha ANA (kingamwili za damuni zinazolenga seli za mwili wenyewe) chanya kama wewe, kinga huweza pia kushambulia sehemu ya mbele ya ndani ya jicho. Jicho haliwi jekundu. Haliumi. Mtoto anacheza, anachora, anasoma, huku ndani mboni inajishika na lenzi, na baadaye hufuata mtoto wa jicho au presha ya jicho. Ndiyo maana tulikupeleka kila baada ya miezi mitatu hata goti lilipokuwa limetulia. Ulikuwa unaweka kidevu kwenye kile kifaa, taa nyembamba inaingia kwa upande, na daktari anahesabu chembe nyeupe zinazoelea ndani ya mwali. Mara moja alizihesabu nyingi. Matone ya steroidi yakaanza siku ileile, na methotreksati, kidonge cha mara moja kwa wiki cha kutuliza kinga, ikafuata kwa ajili ya jicho na goti kwa pamoja. Uliyachukia yale matone kuliko sindano ya gotini. Leo unaona vizuri. Ila uvimbe huo unaweza kurudi ukubwani, kwa hiyo usiseme macho ni habari ya zamani.

Na hapana, tezi haikuharibiwa na vidonge vile. Methotreksati haijulikani kusababisha Hashimoto.

Kilichounganisha goti na tezi ni urithi, na urithi huo si jeni moja. Sehemu kubwa iko kwenye jeni za HLA, zile zinazoamua kinga itaonyeshwa nini na itakitambua vipi. Nyingine zimetawanyika. Mwaka 2004 iligunduliwa kuwa badiliko moja kwenye jeni ya PTPN22 huongeza uwezekano wa kisukari cha aina ya kwanza, na mwaka huohuo likaonekana kwenye baridi yabisi ya watu wazima; baadaye likapatikana pia kwenye ile ya watoto na kwenye maradhi ya tezi. Badiliko hilohilo moja, viungo tofauti. Angalia nyumbani kwetu: bibi yako alikuwa na tezi, shangazi yako ana soriasisi, wewe goti na sasa tezi. Mama yako husema yote yametoka upande wangu. Namwachia, ingawa jeni hizi ni za kawaida kiasi kwamba na yeye lazima ana zake. Wengi wanazo na hawaugui kamwe. Hata pacha wa kufanana kabisa, mmoja akipata baridi yabisi ya utotoni, mara nyingi mwenzake hapati.

Hiyo inatuleta kwa mjukuu wangu. Hata ndugu wa tumbo moja na mgonjwa, ambao uwezekano wao ni kama mara 10 ya watoto wengine, ukipiga hesabu unapata karibu mmoja kati ya 100. Usimpeleke kupimwa ANA akiwa mzima. Si watoto wachache wenye afya njema ambao damu yao huonyesha chanya, nawe utabaki na karatasi ya kukukosesha usingizi bure. Akianza kutembea, tazama asubuhi yake. Mguu uliokaza akiamka kisha ukalegea, kiungo kinene upande mmoja, au mtoto aliyekuwa anatembea akataka tena kubebwa: hapo mpeleke, hata kama halii.

Kwako wewe, dawa ya tezi meza asubuhi tumbo likiwa tupu, na vidonge vya madini ya chuma viweke mbali nayo kwa saa kadhaa. Ukitaka mtoto wa pili mwambie daktari mapema, maana mimba mara nyingi hudai kipimo cha dawa kiongezwe. Ugonjwa wa siliaki, ule wa utumbo kukataa ngano, nao ni wa ukoo huu. Damu ikipungua bila sababu au tumbo likasumbua kwa muda mrefu, omba upimwe, na upimwe kabla hujaacha ngano, kwa sababu ukishaiacha kipimo kinaweza kudanganya. Wanaouza unga wa "kusafisha kinga" waache na unga wao.

Faili lako la macho ninalo kabatini, pamoja na majibu ya ANA. Nitayapiga picha kesho nikutumie, umwonyeshe daktari wa tezi na yule wa macho. Nitajie tu umepangiwa lini.

Baba yako