Raga: Ukitaka Kasi, Anza na Breki

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wa raga hapa Arusha ni hili: "Kaka, nifanye nini niwe na spidi?" Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuniuliza. Wanaamka alfajiri, wanakimbia kutoka Sakina hadi Ngaramtoni na kurudi, halafu jioni wanakuja uwanjani miguu imekuwa mizito, wanashangaa mbona beki wa timu nyingine bado anawakamata.

Siwalaumu. Kwetu huku ukitaja mbio, mtu anafikiria mbio ndefu. Filbert Bayi alitoka Karatu akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alphonce Simbu, ambaye amejifua sana hapa Arusha, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, akimwacha Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Ukikua unasikia majina hayo, lazima uamini kuwa dawa ya kila kitu ni kuongeza kilomita.

Pumzi ya namna hiyo ina kazi yake. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na timu zikipanda kutoka Dar unawaona kipindi cha pili wameshika magoti. Ila angalia jambo moja: huyo wa Dar akipata nafasi ya kutoka mbio mara moja, anatoka vilevile kama alivyotoka kwao. Mwinuko haumpunguzii mbio fupi ya sekunde chache. Unamkwamisha kwenye kurudisha pumzi kabla ya mbio inayofuata. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na mazoezi yake ni tofauti.

Uwanja wa raga una mita 100 kutoka mstari wa trai (mstari unaouvuka na mpira ili kufunga) hadi mstari wa trai wa upande wa pili, lakini ni mara ngapi umemwona mtu akizikimbia zote? Winga, yule mkimbiaji wa pembeni, kidogo, tena siku ya bahati. Mbio nyingi ni za mita 10 au 20, na mbele yako kuna mtu anayetaka kukulaza chini. Kwa hiyo swali la kwanza ninalomrudishia kijana ni hili: ukiwa kwenye mwendo wako wa mwisho, unaweza kusimama kwa hatua ngapi?

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Dereva wa bodaboda ambaye breki zake hazishiki anateremka taratibu hata kama injini yake ni mpya. Mwili nao unafanya hivyohivyo: miguu isiyojiamini kusimama inaanza kupunguza mwendo mapema, mita tano kabla ya chenga, na mkabaji anakusoma.

Zoezi lake halihitaji kifaa. Kimbia mita 10 kwa nguvu, kisha simama ndani ya hatua mbili au tatu. Usibandue visigino ukayumba mbele kama mlevi. Kazi kubwa ya breki inafanywa na hatua ya kabla ya ile ya mwisho, si ya mwisho yenyewe. Kwenye hatua hiyo shusha nyonga, kunja goti, acha kifua kibaki juu ya miguu. Hatua ya mwisho inakuwa huru kwa kukusukuma. Ukitaka kwenda kushoto, mguu wa kulia unatua nje kidogo ya bega, unasukuma ardhi na kuondoka. Mguu ukitua chini ya kiuno hauna pa kusukumia. Ukitua mbali mno, unateleza, na goti linapata shida.

Fanya hivyo kwa majuma kadhaa kabla ya kuongeza kona kali. Najua inachosha kusikia, hasa kwa mtu aliyeangalia video za vijana wa Fiji usiku kucha. Lakini miguu isiyozoea breki ndiyo inayokwenda kuvunja goti mwezi wa pili, ardhi ikiwa ngumu kama saruji.

Nguvu ya kusimamia hutaipata kwa kukimbia peke yake. Chuchumaa kwa mguu mmoja ukishikilia nguzo ya goli. Kisha lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, nawe ujishushe mbele polepole mpaka mikono iguse nyasi. Linauma nyuma ya mapaja siku mbili za mwanzo, lakini tafiti zimeonyesha linapunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. World Rugby, shirikisho la raga la dunia, nao wana programu ya kupasha inayoitwa Activate, ya bure, na timu nyingi za mitaani zinaipita kwa sababu inachukua dakika 20 ambazo watu wanataka kuzitumia kugusa mpira. Mimi ningeikata mechi ya mazoezi kabla ya kuikata hiyo.

Sasa koni. Sizichukii, zinafaa kumfundisha mtu mwili ukae vipi. Tatizo ni kwamba koni haikukabi. Nimeona vijana wanaozizunguka koni kwa ustadi mkubwa, halafu Jumamosi wanasimamishwa na mtu mzito aliyekaa tu mahali pake. Wepesi wa raga unaanzia machoni: kuona mkabaji amehamishia uzito mguu gani, na kumwacha upande huo huo. Usimwangalie usoni, uso unadanganya. Mabega nayo yanadanganya. Angalia nyonga.

Kwa hiyo pima kiboksi cha mita 10 kwa 5, mmoja na mpira, mmoja akabe. Basi. Mwenye mpira anatakiwa afike mstari wa pili bila kuguswa kwa mikono miwili. Ukiwa ndani, usikimbilie nafasi iliyo wazi moja kwa moja, maana mkabaji naye anaiona. Mkimbilie bega lake la ndani kwanza, mlazimishe atie mguu, halafu ondoka nje. Mpira ushike kwa mikono miwili mpaka umempita, ili asijue kama utapiga pasi. Wanaofanya mazoezi ya chenga bila mpira wanajifunza mchezo mwingine.

Kama unataka kuona ninachosema, tafuta trai ya Cheslin Kolbe, winga wa Afrika Kusini, kwenye fainali ya Kombe la Dunia la 2019 kule Yokohama, Japani, walipoifunga Uingereza 32 kwa 12. Dakika ya 74, anapokea pembeni, Owen Farrell wa Uingereza yuko mbele yake, na Kolbe ni mtu mfupi kuliko vijana wengi ninaowafundisha. Irudie polepole uangalie miguu tu. Breki, kisha mguu wa nje, kisha kuondoka.

Wazee wa skramu, ninyi wa mbele mnaosukumana, mnaosoma hapa mkidhani haya ni ya winga: kasi yenu ninyi ni kuinuka. Lala kifudifudi, inuka, piga hatua tatu kali, simama. Namba moja, yule wa safu ya mbele ya skramu, anayesimama haraka baada ya kuangusha mtu ana thamani kuliko winga anayekimbia vizuri asipopewa mpira.

Kuhusu kiasi, mbio sita hadi nane za mita 20 zinatosha kwa siku, mara mbili kwa wiki. Kati ya mbio na mbio pumzika dakika moja kwa kila mita 10 ulizokimbia. Ndiyo, dakika mbili nzima umesimama. Watakucheka kwamba unategea. Ukipumzika kidogo unakuwa umerudi kwenye mazoezi ya pumzi, na mwili unajifunza kukimbia ukiwa umechoka, yaani taratibu. Fanya mwanzoni mwa mazoezi, mara tu baada ya kupasha, si mwishoni baada ya kugongana saa nzima.

Mwinuko mfupi wa kupanda, kama zile barabara za vumbi kuelekea Sekei, ni mzuri kwa hatua za kwanza kwa sababu unakulazimisha kuinama na kusukuma. Tairi kuukuu na kamba ya kulivuta navyo vinafaa, ukiomba gereji hawakunyimi.

Masika yakianza mwezi wa tatu, badilisha mpango. Kwenye tope punguza kona kali, baki na mbio za moja kwa moja na zoezi la kiboksi kwa mwendo wa kati. Njumu za mtumba zikague meno kabla ya kulipa. Yaliyolika upande mmoja yanakuteleza kwenye ule mguu unaousukumia.

Na Alhamisi kabla ya mechi ya Jumamosi, mbio nne tu, pumzika vizuri, nenda nyumbani ukalale.