Mashoto na Seti ya Drams: Ushauri kwa Anayeanza

Kwa mashoto anayeanza kujifunza drams, ushauri wangu ni huu: kabla ya kugeuza seti (kuhamishia vya kushoto kulia na vya kulia kushoto), jaribu kuipiga kama ulivyoikuta, ila haihati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali) uipige kwa mkono wa kushoto na snea (ngoma ya mbele yako yenye mlio mkali) kwa mkono wa kulia. Mimi mwenyewe ni mashoto, napiga kanisani, na ndivyo ninavyopiga hadi leo.

Seti ya kawaida imepangwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia. Haihati iko upande wa kushoto, hivyo mpigaji hulazimika kupitisha mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto ili aifikie, na anapoinua kijiti cha chini apige snea kwa nguvu, kinagongana na kile cha juu. Asiyekatiza mikono hana adha hiyo. Billy Cobham, mpiga drams wa jazi, amepiga kwa mtindo huu miaka mingi, na sijasikia mtu akimwambia amekosea.

Kugeuza seti nzima, kama walivyofanya wapiga drams Phil Collins wa bendi ya Genesis na Ian Paice wa bendi ya roki ya Deep Purple, ni njia nzuri kwa mwenye seti yake nyumbani. Kanisani mambo ni tofauti: kwaya inashuka, timu ya kusifu inapanda, nawe unahamisha haihati, snea, tomu (ngoma za ukubwa tofauti zinazoizunguka snea) na maikrofoni zake huku mchungaji ameshasimama, kisha anayekufuata anavirudisha vyote akinung'unika.

Ukiacha seti kama ilivyo, kinachosumbua zaidi ni kuzungusha tomu, yaani kuzipiga moja baada ya nyingine. Zimepangwa kutoka ndogo kushoto hadi kubwa kulia, kwa hiyo ukianza na mkono wa kushoto, kila unapohamia tomu inayofuata mkono huo unazuiwa na wa kulia uliotangulia mbele yake. Ringo Starr wa Beatles, mashoto ambaye bibi yake alimlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia (mabibi wa namna hiyo sisi pia tunao), alipiga seti ya kawaida, na mizunguko yake ikawa na ladha ya pekee kwa sababu hiyo hiyo. Wewe zoea kuanza mzunguko kwa mkono wa kulia, au anzia tomu kubwa ya chini urudi kushoto.

Miguu nayo iangalie. Mashoto wengi hupiga mpira kwa mguu wa kulia, na mtu wa namna hiyo hana sababu ya kuhamisha pedali ya ngoma kubwa. Anza taratibu, mapigo 60 kwa dakika, ukihesabu moja hadi nne: katika kila hesabu, haihati kushoto mara nane, ngoma kubwa kwenye moja na tatu, snea kulia kwenye mbili na nne, mpaka mkono wa kulia uache kulegea.

Kitu pekee ninachokihamisha ni toazi la raidi, lile kubwa la kupigia mapigo ya mfululizo, ambalo nalileta kushoto, juu kidogo ya haihati. Ni stendi moja tu, na nikimaliza nairudisha mwenyewe.