Usinyanyue Sikio Kabla Uchungu Haujaachia

Moyo wa mtoto aliye tumboni, mama akiwa na uchungu, mapigo 110 hadi 160 kwa dakika: hizo kila mkunga anazo kichwani. Kinachotuponza ni wakati wa kusikiliza. Mtoto aliyeanza kuchoka huweza kukupa 140 safi mama akiwa ametulia. Uchungu ukikolea, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua, na ndipo moyo wake husema kweli. Kwa hiyo weka kiganja tumboni, ngoja lianze kukaza, sikiliza, na uendelee walau nusu dakika baada ya tumbo kulegea. Mapigo yakikawia kupanda, na uchungu wa pili na wa tatu ukaja vivyo hivyo, hapo pana jambo.

Hesabu dakika nzima. Ukihesabu robo dakika na kuzidisha mara nne, kosa la mapigo mawili limekuwa manane.

Papasa kwanza uujue mgongo wa mtoto uko wapi. Akitanguliza kichwa, moyo husikika chini ya kitovu cha mama, kulia au kushoto. Akitanguliza matako, usawa wa kitovu au juu yake. Pinadi, ile pembe ya kusikilizia moyo wa mtoto, ikishakaa iachie, ishikwe na sikio tu, maana vidole hukwaruza. Mkono uliobaki ushike mpigo wa mama kwenye kifundo cha mkono. Mama mwenye homa huweza kufika 120, ukaandika moyo wake kwa jina la mwanawe. Dopla, mashine ya kusikilizia mapigo, nayo hudanganyika vivyo hivyo, tena jeli ikikauka au betri ikichoka namba hurukaruka.

Mlango wa uzazi ukifunguka kuanzia sentimita 5, sikiliza kila nusu saa au mapema zaidi. Akisukuma, kila dakika 5. Mkunga mmoja kwa wazazi watatu hayawezi hayo, tusidanganyane. Ita mtu.

Yakishuka chini ya 110, mlaze mama ubavu wa kushoto, funga dripu ya oksitosini, dawa ya kuongeza uchungu, kama inaenda, pima ndani usije ukakuta kamba ya kitovu imetangulia, tazama rangi ya maji ya chupa, pima joto na presha. Sikiliza tena. Kwenye patografu, chati ya uchungu, andika namba na saa. "Mapigo mazuri" si kipimo.

Walio Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate huko Lamu, wapige simu ya boti pale pale wanapomgeuza mama, wasingoje kipimo cha tatu. Maji ya bahari yakipwa, mlango wa Mkanda haupitiki kwa kila boti. Mama anapopokewa tu, uliza maji yatajaa saa ngapi, uandike pembeni mwa patografu yake.