Unataka sungura wa pili na mama amekataa? Kuja hapa tuongee

Kila shoo ya ASK, yale maonyesho ya kilimo na mifugo, hapa Nakuru ikiisha, nyumba nyingi za huku kwetu Lanet huwa na kesi moja. Watoto wamepelekwa na shule, wamepita mabanda ya ng'ombe bila haja, wakafika kwa sungura wakagandia hapo, wale weupe wa macho mekundu na wale wakubwa wa masikio marefu, na jioni wanarudi nyumbani na ombi. Kwangu ombi lilikuwa la sungura wa pili, kwa sababu wa kwanza tulikuwa naye tayari, jike mweusi mwenye doa jeupe kwa paji, tulimpata kwa jirani aliyekuwa anahama. Na mimi ndiye niliyesema hapana. Kwa hivyo haya yanatoka upande wa wanaokataa, nawaandikia nyinyi wa umri wa kijana wangu, na mzazi wako akichungulia pia si mbaya.

Mbinu zenu tunazijua zote. Kuna ya kununa, unaacha nusu ya ugali kwa sahani ndio tuone umeumia. Kuna ya kumvamia baba akiwa kwa mpira atoe "sawa, sawa" ambayo hata hajasikia ni ya nini, halafu unakuja kwangu na uamuzi wa korti. Halafu kuna ile ya "mama ya fulani amemnunulia". Hiyo izike kabisa, sijaona mzazi aliyewahi kulegea kwa hiyo, na jibu unalijua, utaambiwa ubebe nguo zako uende ukaishi kwa mama ya fulani.

Shida ni kwamba unapigana na hapana bila kujua imebeba nini. Sisi wazazi tunakata maneno kwa sababu tumechoka, lakini kuna kitu fulani tunakiogopa, na usipokijua utajibu swali ambalo hakuna mtu amekuuliza. Kijana wangu alinijia na daftari, ameandika bei ya sungura, bei ya peleti za chakula chake, na pesa za shangazi yake alizokuwa ameweka, hesabu safi kabisa. Nikasema bado ni hapana. Alishangaa kweli, maanake alidhani shida ni pesa, na sungura mdogo wa kienyeji si bei ya kuangusha nyumba. Sasa hapo badala ya kulia akaniuliza, "Mama, ni nini hasa hutaki?" akanyamaza akangoja. Jaribu hiyo. Si wakati anageuza chapati, na si akiwa ndio ametoka kazini bado ana kibeti mkononi, ngoja akae chini na chai. Uliza, halafu nyamaza.

Kitu nilichokuwa nakiogopa kuliko vyote ni kuzaana. Sungura hubeba mimba siku 31 hivi, anazaa watoto watano, sita, wengine mpaka kumi, na akishazaa anaweza kushika nyingine siku hiyo hiyo kama dume yuko karibu. Hao watoto nao wakifika miezi minne au mitano wako tayari kuanza zao. Na mwenye kukuuzia sokoni atakuapia wote ni majike na hata hajawaangalia. Wakiwa wadogo sana ni ngumu hata kwa mzoefu, ngoja wafikishe wiki nane hivi, umlaze chali kwa mapaja yako, umtulize, halafu ubonyeze polepole hapo mbele ya mkia. Dume atatoa kitu chenye mwisho wa duara, jike utaona mpasuko mrefu. Usipokuwa na uhakika wacha mtu wa mifugo aangalie.

Na hicho ndicho alifanya. Hakubishana na mimi. Alienda kwa jamaa wa agroveti hapo steji, akakaa huko mpaka nikaanza kuuliza yuko wapi, akarudi akaniambia atachukua jike tu na yule jamaa ataangalia kabla hatujalipa. Yaani woga wangu ukapata jibu, na sikuwa nimetarajia ungepata.

Hoja ya kwanza ya kijana wangu pia ilikuwa na ukweli, ati sungura anaona upweke. Baba yake alimcheka, akamwambia mbona wale wa porini huku Menengai wanakaa peke yao. Lakini wale wanaokatiza barabara usiku ni wanyama wengine kabisa, wanafanana tu. Hawa wa kufuga asili yao ni Ulaya, huko mababu zao huishi kwa vikundi kwenye mashimo, kwa hivyo mwenzake si anasa. Shida ni kwamba majike wawili wasiojuana wanaweza kuraruana, unakuta manyoya kila mahali na mmoja ana jeraha. Usimtoe kwa katoni umtupe moja kwa moja kwa mwenzake. Weka vibanda viwili kando kwa kando na wavu katikati, wanusane wiki mbili tatu, halafu wakutanishe mahali ambapo si pa yeyote, sisi tulitumia bafu la nje, na wewe umekaa hapo na taulo nzito ya kuwatenganisha. Tulifika hapo na siku ya kwanza mweusi alimfukuza mgeni kuta zote nne, nikasema haya sasa, lakini baada ya muda walikuwa wamelala mgongo kwa mgongo. Madume wawili usijaribu.

Kitu cha pili nilichokuwa nakiogopa ni kazi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukitaka mnyama mwingine hebu angalia ni nani anahudumia huyu wa kwanza saa kumi na mbili asubuhi wewe ukitafuta soksi. Kwetu alikuwa dada wa kazi, ambaye hakuajiriwa na sungura na hakuna mtu alimuuliza. Watoto wengi wakisema "nitamwangalia mimi" huwa wanamaanisha watamshika shika, basi. Mavi ni ya dada, mkojo ni wa dada, nyasi ni mama apitie akitoka kazini. Nilimwambia wangu sitaki kuona wiki moja ya maonyesho, nataka dada mwenyewe aniambie hajagusa hilo banda. Ilichukua muda. Siku dada alinisimamisha jikoni akaniambia hata ufagio wa banda hajui uko wapi, hapo moyo wangu ulianza kugeuka.

Na ujue chakula chake vizuri, hiyo inatuliza mzazi kuliko ahadi. Kitu kikubwa ni nyasi kavu, boma rhodes zinauzwa hapa kila mahali. Sukuma na kabichi kidogo tu, na usimpe zikiwa zimelowa, zianike zinyauke kwanza, maanake tumbo likifura unaweza kumpoteza. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya hapana, avokado hapana, si tunda si majani. Sungura akishinda kutwa bila kula wala kunya usingoje kesho, hiyo ni ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Masikio yakianza kufanya magaga ndani, ni utitiri, anatibika kwa sindano. Na usimwinue kwa masikio, hata kama umeona wakubwa wakifanya hivyo.

Baridi ya Julai ya hapa Nakuru watu huiogopa bure, sungura anavumilia baridi kama amekauka na upepo haumpigi, jua kali ndilo baya kwake. Siafu nao ni wabaya kweli, wanamaliza watoto wa sungura usiku mmoja, kwa hivyo miguu ya banda iweke kwa mikebe yenye oili chafu ya gereji. Kijana wangu aliifanya hiyo bila kuambiwa, kesho yake nikakanyaga mkebe nikiwa na viatu vya kanisa.

Kama mama amepanda sukuma kwa magunia, mwambie mkojo wa sungura ukichanganywa na maji mengi ni mbolea, kuna wakulima wanaununua kabisa. Hiyo ni hoja ya kutoa mwisho, si mwanzo, ukianza nayo atajua unamchezea.

Kuna hapana za mwenye ploti. Hiyo mzazi hana uwezo nayo na haitolewi na machozi, nenda na mzazi mkaulize kama anakubali banda hapo nyuma, akikataa imeisha. Kuna hapana za shule, kwamba ukifika Gredi ya 10 unaweza kuitwa shule ya bweni na sungura anaishi miaka minane au zaidi, sasa abaki na nani? Kijana wangu hapo aliongea na binamu yake wa Njoro mwenye shamba, wakakubaliana mbele ya shangazi. Nilitaka kusikia jina la mtu, si "tutaona". Na kuna hapana ambayo mzazi hataisema, kwamba anajua ndugu zake. Mjomba alikuja Krismasi, akawaangalia hao sungura akauliza wanachinjwa lini. Kama kwenu sungura ni nyama, ongeeni hiyo mapema, kabla hujawapa majina.

Ukiwa unataka mbwa badala ya sungura, mengi ni yale yale, ongeza tu chanjo ya kichaa akifika miezi mitatu na kila mwaka baadaye, hiyo si ya kuruka. Ukiwa unataka kobe uliyemwokota huko shagz, mrudishe ulipomtoa. Kobe ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali cha KWS, shirika la wanyamapori.

Na ikibaki hapana baada ya hayo yote? Inawezekana, na mzazi wako ana haki yake. Basi yule mmoja uliye naye mpe muda wako. Mtoe bandani jioni wakati jua limeshuka, kaa chini kwa nyasi usimkimbize, wacha akujie mwenyewe. Mwekee katoni yenye matundu mawili aingie na kutoka, vijiti vya mti wa tufaha kama utapata avitafune, asigugune mbao za banda. Na usimwache huko nje usiku bila kuangalia komeo, paka wa mtaa huu wanajua kufungua.